Wimbo wa mwanzo wa Naruto umebadilika: flashi yangu ni mbovu, au bendi ilifukuzwa?

"Naangalia Naruto Shippuden na mdogo wangu. Nilijaziwa yote kwenye flashi hapa Morogoro. Ule wimbo wa mwanzo, Blue Bird, tuliupenda mpaka tukaukariri, na Kijapani hatujui hata neno. Tulipofika sehemu ya 78 ukatoweka, ukaja mwingine. Mimi nasema aliyenijazia flashi kachanganya mafaili. Mdogo wangu anasema bendi iligombana na wenye katuni ikafukuzwa. Tumewekeana soda. Wimbo mzuri vile unaondolewaje? Na je, naweza kuutumia kwenye chaneli yangu ya YouTube ninakosimulia anime kwa Kiswahili? Nasikia ukitumia chini ya sekunde kumi hakuna tatizo."

Ndugu msomaji, nianze kwa kumtetea aliyekujazia flashi. Mafaili yake yamekaa sawasawa. Blue Bird huanza sehemu ya 54 na kuishia sehemu ya 77, na sehemu ya 78 hufungua kwa Closer ya Inoue Joe. Ndivyo ilivyorushwa Japani mwaka 2008. Kama flashi hiyo ni halali kisheria, hayo ni mazungumzo mengine, na nadhani jibu lake unalijua.

Bendi nayo haikufukuzwa. Blue Bird ni wimbo wa Ikimono-gakari, na bendi hiyohiyo ilirudi kwenye katuni hiyohiyo sehemu ya 103, safari hii na wimbo uitwao Hotaru no Hikari, wakakaa nao mpaka sehemu ya 128. Mpangaji aliyetimuliwa kwa ugomvi harudishiwi ufunguo baada ya miezi sita. Kwa hiyo soda yenu tuiweke pembeni kwanza, nitairudia.

Ninavyoisoma barua yako, flashi ni kisingizio tu. Kinachokuuma ni kwamba kitu kizuri kimeondolewa na hakuna aliyetoa maelezo. Umekaa na wimbo kwa sehemu 24, umezoea pale sauti ya yule dada inapopanda, halafu siku moja unabonyeza na kukuta mgeni kakaa kwenye kiti. Wengi tunauchukulia wimbo wa mwanzo kuwa kiungo cha mwili wa katuni, kama jina lake. Ukibadilika, tunatafuta kosa: umefeli, pesa zimeisha, kuna mtu kagombana. Lakini wimbo huo uliingia kwa mkataba wenye tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo kwa kawaida hujulikana hata kabla hujausikia mara ya kwanza.

Zamani haikuwa hivyo. Tetsuwan Atomu, ambayo nje ya Japani huitwa Astro Boy, ilianza kurushwa tarehe 1 Januari 1963, na nyimbo za katuni za enzi hizo zilitungwa kwa ajili ya katuni yenyewe. Zilimtaja shujaa kwa jina, zikasifia nguvu zake, watoto wakaimba njiani. Mazinger Z ya mwaka 1972 ni hivyohivyo, Mizuki Ichiro akiliita jina la lile roboti kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Wimbo wa namna hiyo hauna pa kuhamia. Huwezi kuuondoa Mazinger Z ukaupachika kwenye katuni nyingine, na huko redioni watu wazima hawana haja nao. Ukitaka kuona mabaki ya utaratibu huo, tazama Sazae-san, katuni ya familia inayorushwa tangu 1969: wimbo wake wa mwanzo mpaka leo ni uleule.

Mambo yalianza kugeuka pale kampuni za muziki zilipogundua kwamba wimbo wa kawaida wa redioni, usiomtaja shujaa yeyote, unaweza kukaa mbele ya katuni na kuuzwa kwa watu wasioitazama katuni hiyo. Mwaka 1983 Anri aliimba wimbo wa mwanzo wa Cat's Eye ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Oricon, orodha ya mauzo ya muziki Japani. Mwaka 1987 City Hunter ilifunga kila sehemu kwa Get Wild ya TM Network, wimbo ambao Wajapani wanaupiga mpaka leo. Kufikia Slam Dunk mwaka 1993, ndoa ya katuni na bendi ilishakuwa biashara iliyokomaa. Wajapani wana neno lake, taiappu, yaani kufungamanisha wimbo na kipindi ili kila mmoja amuuze mwenzake.

Sasa nikueleze inavyofanya kazi, na nitatumia kitu unachokijua. Zifikirie zile sekunde 90 za mwanzo wa katuni kama fremu ya duka iliyoko mlangoni mwa stendi. Kila abiria lazima apite hapo. Fremu nzuri kama hiyo mwenye stendi hampangishi mtu mmoja milele. Anaipangisha kwa msimu, akijua wako wengine wanaoisubiri. Blue Bird alikuwa mpangaji. Alifanya biashara nzuri sana, pengine kuliko wapangaji wote wa stendi ile, lakini msimu wake ulifika.

Na misimu yenyewe ina kalenda. Runinga ya Japani hugawa mwaka mara nne: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila robo ina wiki kumi na mbili au kumi na tatu, na kwa katuni inayorushwa mara moja kwa wiki hiyo ni sehemu kumi na moja hadi kumi na tatu. Robo hiyo Wajapani huiita kuru. Chukua Shippuden: sehemu 500, nyimbo za mwanzo 20, nyimbo za mwisho 40. Gawanya. Wimbo wa mwanzo hukaa wastani wa sehemu 25, yaani kuru mbili, nusu mwaka. Wimbo wa mwisho hukaa sehemu kumi na mbili na nusu, yaani kuru moja. Blue Bird iliingia Aprili 2008, ikatoka Septemba, na Oktoba akaingia mpangaji mwingine. Kama mmekuwa mkiruka nyimbo za mwisho, rudini mtazame: zinabadilika kwa kasi karibu mara mbili ya zile za mwanzo. Mlizililia zile za mwanzo kwa sababu ndizo mlizozisikiliza.

Nani anapangisha? Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani studio inayochora ndiyo inayochagua muziki. Katuni nyingi za Japani hugharamiwa na kundi la kampuni zinazochangia mtaji na kugawana hatari, linaloitwa kamati ya uzalishaji. Humo utakuta mchapishaji wa manga, yaani vitabu vya katuni, kituo cha runinga, kampuni ya vifaa vya kuchezea, na mara nyingi kampuni ya muziki. Anayetoa mtaji anataka kitu mkononi, na kampuni ya muziki kinachoifaa zaidi ni zile sekunde 90. Upande wa Naruto, DVD zake Japani zilitolewa na Aniplex, ambayo ni mtoto wa Sony Music ya Japani. Sasa angalia majina ya walioimba: Asian Kung-Fu Generation, FLOW, Ikimono-gakari, KANA-BOON, Inoue Joe. Wote walikuwa kwenye lebo za Sony. Hakuna siri hapo wala njama. Ni duka linaloweka bidhaa zake kwenye dirisha lake.

Na wimbo ukishapata dirisha, kampuni hufanya hesabu. Blue Bird ilitoka dukani kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, Julai 2008, katikati ya muda wake hewani, baada ya watazamaji kuisikia wiki baada ya wiki kwa dakika moja na nusu tu bila kuijua beti ya pili. Kiu imeshajengwa. Anayetaka wimbo mzima, anaununua. Ifikapo Septemba, aliyekuwa anunue keshanunua, na kuendelea kuupiga mwaka mzima hakuongezi wateja wengi. Lakini dirisha lilelile likipewa msanii mwingine, kampuni inapata singo ya pili, jina jipya, tamasha jipya. Ndiyo maana nasema wimbo mzuri hauna kinga. Hata ungekuwa mzuri mara mbili, Oktoba ingefika.

Unaweza kuuliza kama basi ni biashara tupu. Hapana, na hapa natofautiana na wenzangu wanaopenda kusema hivyo kwa ujuzi wa kujionyesha. Watengeneza katuni wameigeuza kodi hiyo kuwa mbinu ya kusimulia. Tazama Death Note. Sehemu 19 za kwanza zinafunguliwa na the WORLD ya Nightmare, giza lenye madaha. Sehemu ya 20 unapigwa kofi na Maximum the Hormone, kelele za watu walioshikwa na wazimu. Nakumbuka nilipunguza sauti nikidhani runinga imeharibika. Halafu nikatazama zaidi nikaelewa: akili ya mhusika mkuu nayo haikuwa tena na madaha. Fullmetal Alchemist: Brotherhood ina sehemu 64 na nyimbo tano za mwanzo, karibu moja kwa kila kuru, na ukizipanga kwa mfululizo bila kutazama katuni yenyewe unaweza kukisia hadithi inakoelekea kwa kuangalia nani anasimama karibu na nani kwenye picha.

Picha, ndiyo. Usisahau kwamba kinachobadilika si sauti pekee. Ule wa mwanzo ni filamu fupi yenye mwongozaji wake, ambaye wakati mwingine si mwongozaji wa katuni. Shingo Yamashita, kwa mfano, ndiye aliyeongoza filamu ya mwanzo ya kwanza ya Jujutsu Kaisen na ile ya Chainsaw Man, na kuna watu humfuata yeye kama wengine wanavyomfuata mchezaji wa mpira. Katika katuni ndefu wahusika hukua, hufa, hubadili kambi. Picha zilizochorwa kwa sehemu ya 54 haziwezi kuendelea kumwonyesha akicheka mtu ambaye sehemu ya 85 keshazikwa. Lazima zichorwe upya, na kama unachora upya, utachora juu ya wimbo upi? Wenye katuni ya JoJo walifika mbali zaidi: kuelekea mwisho wa msimu wake uitwao Stardust Crusaders, adui mwenye uwezo wa kusimamisha muda anausimamisha wimbo wa mwanzo wenyewe, katikati, na mtazamaji unabaki mdomo wazi.

Kuna waliokataa utaratibu huu, na ukitaka kuona tofauti watazame. Hunter x Hunter ya mwaka 2011 ilirushwa kwa miaka mitatu, sehemu 148, na wimbo wa mwanzo ulibaki departure! ya Ono Masatoshi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Walichofanya ni kubadilisha picha kila hadithi ilipoingia sura mpya, na mahali pengine wakatumia beti nyingine ya wimbo uleule. Kodi waliikusanya kwingine: nyimbo za mwisho ndizo zilizozunguka. Binafsi naona walifanya uamuzi mgumu na wa kiume zaidi, maana hadithi yao ilipofika kwenye giza la kutisha ule wimbo mchangamfu uliendelea kupigwa, na tofauti hiyo ikawa inauma kuliko wimbo wowote wa huzuni ungeuma. Lakini sitakudanganya kwamba ingefaa kila mahali. Kusikia wimbo mmoja mara 500 kwenye Shippuden kungewachosha hata nyinyi wawili.

Nimrudie mdogo wako, kwa sababu dhana yake si ya kipuuzi. Yapo mabadiliko ya dharura. Maarufu zaidi ni ya Rurouni Kenshin mwaka 1997. Wimbo wa mwisho wa L'Arc~en~Ciel uitwao the Fourth Avenue Cafe ulipigwa kwa sehemu chache tu, kisha mpiga ngoma wa bendi akakamatwa kwa kesi ya dawa za kulevya, na wimbo ukaondolewa haraka. Kule Japani msanii akipata kashfa, kampuni huondoa kazi zake madukani na hewani bila kusubiri hukumu. Utawezaje kutofautisha dharura na kalenda? Hesabu sehemu. Wimbo uliokaa sehemu 12, 13, 24 au 26 umemaliza mkataba. Uliokaa sehemu nne, hapo mdogo wako ana haki ya kuuliza.

Kuna badiliko la tatu ambalo huenda mtakutana nalo mkiacha flashi na kuhamia kwenye huduma za kulipia mtandaoni. Ruhusa ya wimbo hutolewa kwa nchi na kwa njia ya kurushia. Aliyeruhusu wimbo upigwe runingani Tokyo mwaka 1995 hajaruhusu upigwe kwenye simu ya mtu wa Ulaya. Neon Genesis Evangelion ilipoingia Netflix mwaka 2019, watu wa nchi nyingi walikuta Fly Me to the Moon, ambayo ilikuwa ikifunga kila sehemu, imeondolewa na mahali pake kuna kinanda. Wajapani waliendelea kuusikia. Wimbo ule ni wa Kimarekani, wa miaka ya 1950, wenye wenyewe, na kuulipia kwa dunia nzima ni hesabu nyingine kabisa.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya wazi zaidi: vituo vya nje vilitunga nyimbo zao. Ukiwa na binamu waliokulia Muscat au Dubai, waulize habari za Spacetoon, kituo cha katuni cha Kiarabu. Watakuimbia Kapteni Majid kwa Kiarabu mpaka machozi yawatoke, na kwao huo ndio wimbo wa Captain Tsubasa, hakuna mwingine. Kizazi kabla yao kinaikumbuka Grendizer kwa sauti ya Sammy Clark wa Lebanoni. Mkikaa kibarazani watu watatu mliotazama katuni moja katika nchi tatu, mtaimba nyimbo tatu, na kila mmoja atawaona wenzake wameibiwa.

Siku hizi mtindo unabadilika tena. Katuni chache huanza zikiwa na ahadi ya miaka mitano mfululizo kama Naruto. Nyingi hutoka kwa kuru moja au mbili, zinapumzika mwaka au zaidi, zinarudi. Kwa hiyo wimbo mmoja hushika msimu mzima na mpya huja na msimu mpya, jambo ambalo haliumizi sana kwa kuwa mtazamaji alishaaga. Na uzito wa wimbo mmoja umeongezeka, kwani sasa unasikika dunia nzima siku moja. Idol ya YOASOBI, iliyofungua Oshi no Ko Aprili 2023, ilikaa wiki 21 mfululizo kileleni mwa chati kuu ya Billboard Japan. Upande mwingine Chainsaw Man mwaka 2022 iliweka wimbo mmoja wa mwanzo na nyimbo kumi na mbili za mwisho, moja kwa kila sehemu, wasanii kumi na wawili. Ile fremu ya stendi imekatwa vijumba kumi na viwili, kila mmoja na kodi yake.

Tuje kwenye chaneli yako, maana hapo ndipo unaweza kupata hasara ya kweli. Hiyo habari ya sekunde kumi ifute kichwani. Hakuna sheria inayosema sekunde kumi za wimbo hazina mwenyewe. Sheria za nchi nyingi, ya kwetu ikiwemo, zina nafasi za matumizi ya haki kama kuhakiki au kufundisha, lakini nafasi hizo hutazama unafanya nini na wimbo, hazishiki saa. Sekunde tano zikiwa zimewekwa ili video yako ipendeze tu, bado umetumia mali ya mtu.

Na mali yenyewe ina wenyewe zaidi ya mmoja. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki kama ulivyoandikwa. Japani huo mara nyingi husimamiwa na chama kiitwacho JASRAC. Kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo ni ya lebo. Ukiongeza picha za katuni, hizo ni za watu wengine tena. Niliwahi kujifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye meza ya ratiba ya kituo kimoja cha runinga nilipitisha tangazo la katuni lenye wimbo wake wa mwanzo, nikiwa na barua ya ruhusa kutoka kwa aliyetuuzia katuni. Barua ilikuwa halali kabisa, ila iliruhusu wimbo upigwe ndani ya katuni. Tangazo ni kitu kingine. Tuliliondoa baada ya siku mbili na mimi nikaandika maelezo ya kurasa tatu.

YouTube ina mfumo uitwao Content ID unaolinganisha sauti za video yako na rekodi zilizosajiliwa na wenyewe. Ukiweka Blue Bird, mara nyingi mfumo utaitambua. Kinachofuata hutegemea uamuzi wa mwenye wimbo: anaweza kuiacha video ionekane lakini pesa za matangazo ziende kwake, au kuifunga katika nchi fulani, au kote. Hayo ni madai, na chaneli yako haiumii kwa madai pekee. Onyo la hakimiliki ni jambo zito zaidi. Hilo huja mwenye mali anapoomba rasmi video iondolewe, na ukipata matatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufutwa pamoja na kila ulichowahi kupakia. Usiyachanganye. Nimeona vijana wakiogopa madai mpaka wakafuta video zao, na wengine wakidharau onyo wakidhani ni madai.

Ungekuwa mdogo wangu, ningekushauri hivi. Simulia kwa sauti yako, itaje Blue Bird kwa jina, eleza inavyokugusa, waelekeze watazamaji kwenye video rasmi ya bendi. Kwa mwanzo wa chaneli yako tafuta kijana wa studio ya mtaani akutengenezee mdundo wenu wenyewe, wa sekunde 15, mkaandikiana hata karatasi ya ukurasa mmoja inayosema ni wa nani na umelipwa kiasi gani. Morogoro haikosi watu hao. Njia ya pili ni kuuimba wewe mwenyewe kwa Kiswahili. Hapo unakwepa rekodi, lakini utunzi bado una mwenyewe, na tafsiri ya maneno nayo inahitaji ruhusa. Itapunguza tatizo, haitaliondoa. Njia ya tatu, kuomba ruhusa kwa lebo huko Japani, inawezekana kwenye karatasi. Kwa chaneli ndogo sikutii moyo.

Mambo mawili yakitokea, acha kuuliza mtandaoni na uende ofisini kwa miguu yako. La kwanza ni chaneli ikianza kukuingizia kipato au kampuni ikitaka kukudhamini. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO kwa wasomaji wa Kenya, ukiwa na orodha ya unachotumia na chanzo chake, wakuelekeze kabla hujasaini. La pili ni ukipokea onyo la hakimiliki unaloamini limekosewa. YouTube hukuruhusu kulipinga, lakini pingamizi ni tamko la kisheria lenye jina na anwani yako, na linaweza kukufikisha mahakamani. Liandike ukiwa na wakili pembeni, hata kama ni kwa kumlipa saa moja tu.

Kuhusu Blue Bird yenyewe, usiizike mapema. Nyimbo za aina hii hurudi. One Piece ilifunguliwa na We Are! ya Kitadani Hiroshi mwaka 1999, ikaibadilisha, na ilipofika sehemu ya 1000 mwaka 2021 iliurudisha na picha zake zikiwa zimechorwa upya, watu wazima na vipara vyao wakalia mbele ya runinga. Siku hizi Blue Bird huimbwa kwenye matamasha na watu waliokuwa hawajazaliwa ilipotoka.

Na soda. Wewe ulisema mafaili, yeye akasema ugomvi, kwa hiyo hakuna aliyeshinda na kila mmoja anywe ya kwake. Ila kama hujamsomea jibu hili, bado una nafasi ya kumwekea nyingine: mwambie huu wimbo mlio nao sasa utakoma sehemu ya 102, na utakaoufuata utaimbwa na sauti anayoijua.